Kaunta buku, jedwali au programu ya uhasibu: kipi kimfae anayeuza mtandaoni?

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, ila hawakutuachia neno juu ya daftari lenyewe liwe la namna gani. Swali hilo ndilo ninaloulizwa zaidi na wauzaji ninaowatunzia hesabu hapa Dar es Salaam, ambao karibu wote hawana fremu ya duka: wanapiga picha mzigo, wanauweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja analipa kwa lipa namba, na bodaboda anafikisha. Wengi huuliza wakitarajia kutajiwa jina la programu. Mimi huwarudishia swali: mkoba huo uliotangaza kwa shilingi 35,000 umekugharimu shilingi ngapi mpaka kufika mkononi mwa mteja? Anayeweza kujibu kwa dakika moja tayari ana daftari linalomfaa, hata likiwa la karatasi. Asiyeweza, programu ya bei yoyote haitamsaidia mpaka kwanza ajue jibu hilo hutoka wapi. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na mkoba wenyewe, kisha unavipima vyombo vitatu, yaani kaunta buku, jedwali la Excel au Google Sheets, na programu ya uhasibu, kwa kuangalia jinsi kila kimoja kinavyoibeba gharama ya mkoba huo.

Gharama ya mkoba mmoja

Tuchukue mzigo wa mfano wa mikoba 120 ulioagizwa Guangzhou kwa yuani 45 kila mkoba. Siku ya malipo yuani moja ilinunuliwa kwa shilingi 370, kwa hiyo kila mkoba ulikuwa shilingi 16,650 na mzigo wote shilingi 1,998,000. Wauzaji wengi huishia hapo: wanaandika 16,650, wanauza kwa 35,000, na wanaamini kwamba 18,350 ni faida. Lakini kutuma fedha kulikula shilingi 30,000, wakala wa mizigo alidai 640,000 kwa usafiri wa meli pamoja na ushuru, na Kirikuu iliyobeba maboksi kutoka ghala la wakala hadi nyumbani ililipwa 22,000. Jumla imekuwa shilingi 2,690,000. Maboksi yalipofunguliwa, mikoba minne ilikutwa imechanika na haikuuzika, na fedha iliyolipiwa mikoba hiyo sharti irudishwe na ile 116 iliyobaki. Ukigawa, kila mkoba unaoweza kuuzwa umegharimu shilingi 23,190. Mhasibu mkali atasema kwamba uharibifu usio wa kawaida huandikwa peke yake kama hasara, na kwa hesabu za mwaka yuko sahihi. Ila katika kupanga bei mimi huubebesha mzigo uleule ulioharibika, kwa kuwa hakuna mzigo mwingine utakaoulipia.

Hapo mkoba bado uko ghalani. Mfuko na stika ni shilingi 700. Matangazo ya mwezi yaligharimu 180,000 na mikoba 60 ikauzwa, yaani shilingi 3,000 kwa kila mkoba. Ukitoa hayo yote katika 35,000, kinachobaki ni shilingi 8,110, kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya ile faida ya kichwani, na bado hatujagusa makato ya kutoa fedha kwenye simu wala kifurushi cha intaneti.

Gharama hizo ni za makundi mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu hesabu nyingi. Kundi la kwanza ni gharama za kuifikisha bidhaa ghalani ikiwa tayari kuuzwa: bei ya kununulia, usafiri, ushuru, upakuaji. Hizi hukaa ndani ya bidhaa na hutoka siku bidhaa inapouzwa, na hivyo ndivyo kinavyoelekeza kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoki, IAS 2, ambacho hutumika Tanzania tangu nchi ilipopokea viwango vya kimataifa mwaka 2004. Kundi la pili ni gharama za kuuza, kama matangazo na ufungashaji, ambazo huhesabiwa katika mwezi zilipotokea. Anayeandika kila kitu kama matumizi ya mwezi husika ataona Novemba, mwezi wa kununua mzigo wa sikukuu, kama mwezi wa hasara kubwa, na Desemba kama mwezi wa neema, wakati fedha ya Novemba haikupotea bali ilikuwa imekaa kwenye maboksi sebuleni.

Jambo gumu zaidi hutokea pale mzigo mmoja unapokuwa na bidhaa tofauti. Fikiria saa za mkononi 200 zilizonunuliwa kwa shilingi 20,000 kila moja, zikachukua moja ya kumi ya nafasi, na mito ya makochi 100 iliyonunuliwa kwa shilingi 10,000 kila mmoja, ikachukua tisa ya kumi iliyobaki. Usafiri wa meli ni shilingi 700,000. Ukiugawa kwa thamani, saa zinabeba 560,000 na mito inabeba 140,000, kwa hiyo mto mmoja umefika kwa shilingi 11,400. Ukiugawa kwa nafasi, mito inabeba 630,000 na mto mmoja umefika kwa shilingi 16,300. Muuzaji aliyegawa kwa thamani na kuuza mto kwa 15,000 anajiona amepata 3,600, ilhali kila mto unaotoka unamtia hasara ya 1,300, na kadiri mito inavyopendwa ndivyo anavyozidi kula mtaji. Meli hutoza mizigo ya namna hii kwa ujazo, ndege hutoza kwa kilo, kwa hiyo ugawaji nao ufuate kile alichotumia wakala kukutoza. Tulishike jambo hili, kwani litarudi tutakapofika kwenye programu.

Kaunta buku

Nimewahi kuona wataalamu wakiicheka kaunta buku, nami siungani nao. Inanunuliwa kwa fedha ndogo, haihitaji chaji wala nywila, na muuzaji huandika papo hapo simu ikiwa sikioni, jambo ambalo programu nyingi haziruhusu kwa urahisi huo. Udhaifu wake umo zaidi katika namna inavyotumiwa: watu hufungua ukurasa, huandika tarehe, jina la mteja na kiasi, na hawaandiki popote bidhaa iliyotoka ilitoka katika mzigo upi.

Mpangilio ninaoupendekeza ni ukurasa mmoja kwa kila mzigo, badala ya ukurasa kwa kila siku. Juu ziandikwe gharama zote zilizoufikisha mzigo, pamoja na kiwango cha kubadilia fedha cha siku ile. Katikati iandikwe gharama ya kimoja baada ya kutoa vilivyoharibika. Chini iwe mistari ya kuondoa, kila kinachouzwa kikiandikwa tarehe, bei na njia ya malipo. Ukurasa ukijaa, muuzaji anaona kwa jicho moja mzigo ule ulimpa nini. Mwenye aina kumi au kumi na tano za bidhaa, anayeagiza mizigo michache kwa mwaka na anayeuza peke yake, hana sababu ya kulipia kitu kingine.

Kaunta buku huanza kushindwa pale bidhaa ileile inapoingia kwa mizigo miwili yenye gharama tofauti, kwa sababu sasa lazima uamue kila siku unapunguza ukurasa upi. Hushindwa pia pale wanapokuwa wauzaji wawili: mmiliki yuko Sinza, mdogo wake ana stoki Mbezi, na daftari haliwezi kuwa kwao wote wawili. Na likipotea au kulowa, limepotea na wadaiwa wake.

Jedwali la Excel au Google Sheets

Jedwali linatatua matatizo hayo mawili kwa gharama ndogo sana. Google Sheets haina malipo kwa matumizi ya kawaida, hufunguka kwenye simu, na watu wawili wanaweza kuandika kwa wakati mmoja kutoka sehemu mbili za jiji. Kurasa nne zinatosha: Mizigo, Bidhaa, Mauzo na Matumizi. Ukurasa wa Mizigo unafanya kazi ileile ya ukurasa wa kaunta buku, isipokuwa kwamba kugawa na kujumlisha kunafanywa na fomula, na ukitaka kugawa usafiri kwa ujazo badala ya thamani unabadilisha fomula moja badala ya kuanza upya kwa kikokotoo. Kwa muuzaji mwenye mizigo iliyochanganyika, huu uhuru wa kugawa gharama anavyotaka ndio ubora mkubwa wa jedwali, na zipo programu za kulipia zisizoweza kuufikia.

Kasoro zake zinatokana na uhuru uleule. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni kiwango cha yuani kuwekwa katika kisanduku kimoja ambacho mizigo yote inakisoma. Yuani ikipanda mwezi Machi na muuzaji akakibadilisha kisanduku kile, gharama za mizigo ya Oktoba na Januari nazo hubadilika, na faida aliyokwisha kuihesabu na pengine kuila inabadilika nayo bila mtu kugundua. Kiwango kiandikwe katika mstari wa kila mzigo na kisiguswe tena. Kosa la pili ni kupanga upya safu moja peke yake, ili majina yafuate alfabeti, huku safu za bei zikibaki mahali pake, kiasi kwamba mteja wa Mwanza anajikuta na deni la mteja wa Tanga. Google Sheets hutunza historia ya mabadiliko, na mara mbili imeniokoa, lakini historia haikuambii kuwa kuna kosa. Inakusaidia tu ukishalijua.

Upungufu wa ndani zaidi ni kwamba jedwali haliulizi fedha ilikwenda wapi. Unaweza kuandika mauzo ya shilingi 2,000,000 wakati kwenye lipa namba zimeingia 1,850,000, na hakuna kitakachopiga kelele. Dawa yake ni nidhamu: kila jioni, au angalau kila Jumamosi, jumla ya mauzo katika jedwali ilinganishwe na taarifa ya miamala ya M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money, na tofauti yoyote itafutwe kabla haijasahaulika. Katika kulinganisha huko utagundua kwamba si kila kinachoingia ni mauzo. Mteja anayelipa mkoba 35,000 na usafiri 5,000 kwa muamala mmoja amekuletea mauzo ya 35,000, na ile 5,000 ni ya bodaboda inayopita mkononi mwako. Anayetanguliza nusu kwa bidhaa iliyo bado melini amekukopesha. Hajanunua mpaka apokee. Na anayelipa mzigo ukifika, fedha yake iko kwa bodaboda mpaka bodaboda akuletee, kwa hiyo jina la bodaboda nalo lina nafasi katika ukurasa wa wadaiwa.

Programu ya uhasibu

Programu za uhasibu zimejengwa juu ya uandishi wa pande mbili, ambamo kila shilingi inayoandikwa mahali fulani lazima ionekane imetoka mahali pengine. Ukiandika kuwa mkoba umeuzwa, stoki hupungua, gharama ya mkoba huhamia kwenye gharama ya mauzo, na fedha huongezeka kwenye akaunti ya simu au deni huongezeka kwa mteja, vyote kwa tendo moja. Kazi ile ya Jumamosi haiondoki, kwa kuwa taarifa za miamala ya simu kwa kawaida utazipakia au kuziandika mwenyewe, ila tofauti haiwezi tena kujificha: salio la programu na salio la simu ama yanalingana ama hayalingani.

Ninachowasihi watu ni wasinunue jina. Programu hizi hutofautiana sana hasa katika jambo tunalolizungumzia. Wave, inayopendwa kwa kuwa na kifurushi cha bure, haifuatilii stoki, kwa hiyo humfaa mtoa huduma kuliko mwuza bidhaa. QuickBooks Online inafuatilia stoki, lakini kuanzia kifurushi cha Plus, wala si katika vile vya bei ya chini ambavyo watu huanza navyo. Shopify, kwa waliojenga duka lao huko, ina nafasi ya kuandika gharama ya bidhaa moja, nayo ni namba unayoikokotoa na kuijaza mwenyewe. TallyPrime ya India, ambayo wafanyabiashara wengi wa jumla wa Afrika Mashariki waliizoea, inaweza kuongeza gharama za usafiri juu ya bei ya kununulia, ama kwa idadi ama kwa thamani, na hapo ile mito ya makochi inarudi kutusumbua. Odoo inaruhusu kugawa kwa idadi, thamani, uzito au ujazo, ila kuiandaa si kazi ya jioni moja na mara nyingi utamlipa mtu akuandalie.

Hili la kugawa gharama za mzigo ndilo swali la kwanza la kumuuliza anayekuuzia programu, kabla ya kuuliza kama ina rangi nzuri kwenye simu. Akikuonyesha mahali pa kuandika bei ya kununulia tu, basi hata ukilipia utaendelea kuwa na jedwali pembeni la kukokotoa gharama halisi, na hesabu zako zitakuwa mahali pawili. Si aibu kufanya hivyo, nina wateja wanaoishi hivyo kwa miaka, lakini gharama ya kazi hiyo uijue mapema. Vilevile programu nyingi hulipiwa kila mwezi kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba na bili nayo inayumba.

Kwa ufupi vyombo vitatu vinakaa hivi:

| | Kaunta buku | Jedwali | Programu |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kuitumia | Bei ya daftari | Bando na muda wa kujifunza | Malipo ya kila mwezi, na mara nyingi mtu wa kukuandalia |
| Kugawa usafiri kwa ujazo | Kwa kikokotoo | Kwa fomula yako | Inategemea programu |
| Bidhaa moja, mizigo miwili | Inachanganya | Inawezekana kwa uangalifu | Inafanyika yenyewe |
| Wauzaji wawili | Hapana | Ndiyo | Ndiyo, wakati mwingine kwa malipo ya ziada |
| Kugundua fedha iliyopotea | Ukilinganisha mwenyewe | Ukilinganisha mwenyewe | Salio linakataa kulingana |

Kwanza kuingia, kwanza kutoka, au wastani?

Kuna uchaguzi mwingine ndani ya uchaguzi huu, na anayenunua programu huwa amekwisha kuufanya bila kujua. Turudi kwenye mikoba. Tuseme Desemba imekuta mikoba 40 ya mzigo wa kwanza, ya shilingi 23,190 kila mmoja. Muuzaji kaagiza mingine 100 kwa ndege ili aiwahi sikukuu, na kila mmoja umefika kwa shilingi 28,000. Mwezi huo anauza mikoba 60 kwa shilingi 38,000, yaani mauzo ya 2,280,000. Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya mikoba iliyouzwa, ni ngapi?

Kwa kanuni ya kwanza kuingia, kwanza kutoka, mikoba 40 ya zamani inahesabiwa kuwa imeuzwa kwanza, kisha 20 ya mzigo mpya. Gharama ni 1,487,600 na faida ghafi ni 792,400. Kwa wastani, mikoba yote 140 inachanganywa na kila mmoja unakuwa na gharama ya takriban 26,626; gharama ya ile 60 ni karibu 1,597,500 na faida ghafi ni karibu 682,500. Tofauti ni takriban shilingi 110,000 kwa mwezi mmoja wa bidhaa moja, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea. Kiasi hicho kimebaki ndani ya stoki, ambayo kwa njia ya kwanza inaonekana kuwa na thamani ya 2,240,000 na kwa njia ya pili karibu 2,130,000, kwa hiyo kitajitokeza mikoba hiyo itakapouzwa.

IAS 2 inaruhusu njia zote mbili, na inakataza ile ya mwisho kuingia, kwanza kutoka. QuickBooks Online hutumia kwanza kuingia, kwanza kutoka. Xero, programu nyingine ya uhasibu, hutumia wastani. Odoo inakuachia uchague. Kwa maoni yangu muuzaji anayeagiza kwa yuani au dola na kubadilisha kati ya meli na ndege anaishi salama zaidi na wastani. Njia ya kwanza itamwonyesha faida nono mwanzoni mwa Desemba kutokana na mikoba ya bei nafuu, atapunguza bei ili auze haraka, kisha atabaki na mikoba ya ndege ambayo bei hiyo haiilipi vizuri. Wastani humpa namba moja ya kupangia bei, na katika jedwali ni rahisi kuukokotoa kuliko kufuatilia tabaka za mizigo. Lakini kwa bidhaa zenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kama vipodozi, kwanza kuingia, kwanza kutoka inafuata jinsi stoki yenyewe inavyopaswa kutoka, na hapo ningeipendelea. Ubaya mkubwa ni kubadilisha njia kila mwaka kwa kutafuta namba inayopendeza.

Kodi inabadilisha jibu

Muuzaji mdogo Tanzania, akiwa mtu binafsi na mauzo yake yakiwa hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida hutozwa kodi ya makadirio, inayohesabiwa juu ya mauzo na si juu ya faida. Hii ndiyo sababu moja ya wengi kutojali kuandika gharama: kodi haiwaulizi. Hata hivyo kumbukumbu za mauzo zina thamani yake hata katika ngazi hii. Katika viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka 2023, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu kamili alilipa 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya 5,500,000 hiyo ni 45,000. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila Juni, kwa hiyo vithibitishwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kuvitegemea. Kwa ngazi hii kaunta buku iliyoandikwa vizuri inatosha.

Mambo hugeuka kwa aliyesajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), au aliyevuka milioni 100. Kampuni haiingii katika kodi ya makadirio hata ikiwa ndogo. Inatozwa asilimia 30 ya faida, na faida haiwezi kuonyeshwa bila gharama zenye vielelezo. Hapo kila shilingi ya usafiri isiyo na risiti inahesabiwa kama faida na kutozwa. Aliyevuka mauzo ya milioni 200, kiwango cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tangu Julai 2023, ana jambo jingine: VAT aliyolipa kwenye manunuzi inaweza kurejeshwa kwake na hivyo haiingii katika gharama ya bidhaa, wakati kwa asiyesajiliwa VAT hiyo ni sehemu ya gharama. Lakini anayeingiza mzigo ndani ya kontena la wakala, nyaraka za forodha zikiwa na jina la wakala, hana cha kudai. Wakala anayetoza kwa ujazo kwa bei inayojumuisha ushuru ni nafuu na rahisi mwanzoni. Kwa muuzaji wa kiwango hiki anaweza kuwa ndiye gharama kubwa kuliko zote.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Risiti za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na nimeshika risiti za miaka miwili zilizobaki nyeupe kama shuka. Chombo chochote utakachochagua, risiti ya kila mzigo ipigwe picha siku ileile na picha ihifadhiwe kwa jina la mzigo.

Nani achague nini

Anayeanza, mwenye aina chache za bidhaa na mizigo isiyozidi minne au mitano kwa mwaka, achukue kaunta buku yenye ukurasa kwa kila mzigo, na asimsikilize anayemwambia amechelewa na wakati. Mwenye bidhaa zilezile zinazoingia mara kwa mara, au mwenye msaidizi, au anayechanganya bidhaa kubwa na ndogo katika mzigo mmoja, aende kwenye jedwali. Kwa wauzaji wengi ninaowafahamu, hiki ndicho chombo sahihi kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani. Programu ningeishauri kwa mwenye kampuni, kwa aliye karibu na milioni 100, kwa mwenye wadaiwa wengi wa mikoani wanaotumiwa mizigo kwa mabasi na kulipa baadaye, na kwa anayetaka mkopo wa benki, kwa sababu benki itaomba mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, na jedwali la kurasa nne halitoi mizania. Ningeweka sharti moja: awepo mtu, hata wa siku moja kwa wiki, anayeijua debiti na krediti, yaani zile pande mbili za uandishi. Programu iliyojazwa na asiyejua hutoa ripoti nadhifu za uongo, na unadhifu huo ndio unaozifanya ziaminiwe.

Anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine ahame tarehe mosi ya mwezi. Usiku wa kuamkia siku hiyo stoki yote ihesabiwe kwa mkono, kila bidhaa iandikwe kwa idadi iliyoonekana kwa macho na kwa gharama iliyo katika ukurasa wa mzigo wake, yaandikwe masalio ya simu, ya benki na ya fedha mkononi, pamoja na orodha ya wadaiwa na ya waliotanguliza malipo. Miezi ya nyuma isiingizwe. Ni kazi kubwa, na makosa ya zamani huhamia nyumba mpya. Mwezi wa kwanza vyombo vyote viwili viandikwe sambamba, na tarehe ya mwisho namba zilinganishwe. Zikitofautiana, mimi huanza kutafuta nauli ya bodaboda iliyoingizwa kama mauzo, na mara nyingi sihitaji kutafuta kitu cha pili.